Simu Niliyompelekea Mdogo Wangu Wakati wa Mitihani

Siku barua ya chuo ilipofunguliwa tulikuwa watu watano barazani kwetu, Lufingo. Nilikuwepo mimi, na mdogo wangu wa kike ambaye barua ilikuwa yake. Alikuwepo mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, tuliyemwita kwa sababu barua ilikuwa ya Kiingereza na mdogo wangu hakutaka kuisoma kwa sauti. Alikuwepo mama jirani wa upande wa bondeni, aliyekuja kuomba moto, akakalia kinu na hakuondoka tena. Na alikuwepo mtendaji wa kijiji, aliyeileta barua yenyewe kutoka posta ya Tukuyu, akaona si vizuri kuondoka kabla hajajua alichobeba. Bibi hakuwepo. Tulikuwa tumemzika majuma matano kabla, na msiba wake ndio ulioileta barua ile.

Niseme kidogo sisi ni nani. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, baba kwanza, mama mwaka uliofuata. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimesoma kidato cha kwanza muhula mmoja, nikarudi nyumbani nikashika jembe. Wa katikati alipokua alikwenda Mbeya kuuza mitumba, maana ilikuwa miaka ile kila kitu kimefunguliwa na kila kijana aliyeweza kufunga mzigo alijiita mfanyabiashara. Wa mwisho ndiye huyu wa kike. Bibi, mama yake mama, alihamia kwetu na kapu moja la nguo, akatulea wote. Mdogo wangu alipochaguliwa kwenda chuo kikuu, serikali ilikuwa imeshaanza kusema wanafunzi wachangie gharama, nasi tulichangia kwa chai na maziwa. Alikuwa amefika mwaka wa pili.

Mwalimu alisoma barua kimya mara mbili. Kisha akavua miwani.

"Binti, hawa wanasema hukufanya mtihani wa mwisho."

Mdogo wangu aliangalia mikono yake.

"Wanasema ulitoroka bila ruhusa. Unatakiwa kuandika maelezo na kuleta ushahidi kabla baraza la kitivo halijakaa mwezi huu wa nane. Usipofanya hivyo, au wasiporidhika, unaondolewa chuoni."

"Tunaita kudisko," alisema mdogo wangu, kwa sauti ndogo.

"Disko?" mama jirani alishtuka. "Yaani mtoto wa watu anafukuzwa kwa sababu ya kucheza dansi?"

Mtendaji alicheka. Mimi sikucheka. Kwa majuma matano mdogo wangu alikuwa akiamka kabla yangu, anakamua ng'ombe, anachuma chai nami, na nilipomuuliza mitihani aliniambia, "Tulimaliza, kaka." Nilikuwa nimeridhika. Hata mchungaji nilimwambia tumemaliza.

"Mimi nauliza kitu kimoja," mama jirani aliendelea. "Huko chuoni mwaka jana ulikuwa wa ngapi?"

Hilo ndilo swali ambalo kijiji kizima kilikuwa kikimwuliza tangu aondoke. Shule yetu ya msingi, siku ya kufunga, wazazi hukaa kwenye nyasi na mwalimu mkuu husoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu asiyejua mtoto wake ni wa ngapi ni sawa na mtu asiyejua ng'ombe wake wako wapi.

"Chuoni hakuna wa ngapi, mama," mdogo wangu alisema.

"Hakuna! Sasa wanajuaje nani ana akili?"

"Kila mtu anapimwa na somo lake. Kuna kazi za muhula, yale majaribio na insha, zinachukua alama arobaini. Mtihani wa mwisho unachukua sitini. Wanajumlisha, wanakuandikia herufi. A, B jumlisha, B, C. Hapo umepita. D na E umeanguka."

"Kwa hiyo wote mnaweza kuwa wa kwanza?"

"Tunaweza. Na wote tunaweza kuanguka."

Mama jirani alifikiri. "Kama bandani kwa karani wa chai," alisema. "Hapimi nani kaleta nzuri kuliko nani. Anatazama kapu lako, kama ni majani mawili na chipukizi anapokea, kama ni magumu anakumwagia."

"Hivyo hivyo," mdogo wangu alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu.

Nilimwuliza kama akimwagiwa kapu moja ndiyo basi. Akanieleza, na nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza daktari wa mifugo. Ukianguka somo unarudia mtihani mwezi wa tisa kabla mwaka mpya haujaanza. Wanafunzi wanauita sapu. Ukipita sapu unaandikiwa C, basi, hata kama umepata zote. Ukianguka tena unalibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata. Wastani wako wa masomo yote ukishuka chini ya kiwango, unaondoka. Lakini kuacha kabisa kuingia kwenye chumba cha mtihani bila sababu inayokubalika ni jambo jingine. Hilo halina sapu.

"Hata upate zote wanakuandikia C?" Ndicho kitu kilichoniudhi. "Huo ni wizi."

"Ni sheria, kaka. Wenzako walipita mara ya kwanza, wewe umepewa siku nyingi zaidi za kusoma."

"Na sababu zinazokubalika ni zipi?" mwalimu aliuliza.

"Kuugua mwenyewe, na cheti cha daktari. Au kufiwa na mzazi, mlezi, ndugu wa tumbo moja. Ukiwa na sababu, unapewa mtihani maalumu. Huo unahesabiwa kama wa kwanza. Ukipata A ni A."

"Basi umefiwa!" mtendaji alisema. "Tatizo liko wapi?"

Mdogo wangu alinyanyuka akaingia ndani. Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa mwalimu. Ilikuwa simu ya maandishi niliyompelekea mimi. Niliifahamu kabla haijafunguliwa.

BIBI MAHUTUTI NJOO HARAKA.

Bibi alifariki Jumatatu alfajiri. Saa tatu nilikuwa dirishani posta Tukuyu, nimelowa ukungu hadi magotini. Karani wa posta alikuwa mtu mzima, aliyeandika simu za aina hiyo miaka mingi. Aliniuliza tu, "Mahututi au mgonjwa?" Hakuniuliza kama amekufa, alijua. Kwetu mtu aliye mbali na peke yake hapewi habari ya msiba. Anaitwa kwa ugonjwa, anasafiri akiwa na matumaini, na akifika uani akawaona wanawake wamekaa chini ndipo anaelewa, na mikono ya kumshika ipo. Baba yangu aliitwa hivyo alipofiwa na baba yake. Sikuwahi kufikiri kuna namna nyingine ya kuandika.

Simu ilimfikia Jumanne mchana. Mtihani wake wa mwisho, wa somo alilolipenda kuliko yote, ulikuwa Alhamisi. Alikimbilia ofisi ya kitivo akamkuta mhudumu, akamwambia bibi yake anaumwa. Mhudumu akamwambia ugonjwa wa bibi haumo katika sababu, fanya mtihani kwanza. Akarudi bwenini, akakaa kitandani na karatasi ile, akaona kama akingoja hadi Alhamisi hatamkuta bibi hai. Akapanda basi bila kuandika barua wala kuaga. Alifika kwetu Jumatano jioni, akawaona wanawake wamekaa chini. Tukazika Alhamisi asubuhi, saa zile wenzake wakiandika.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza mbele ya watu wote.

"Ningekuambia, ungejua ni simu yako."

Mama jirani alishika kidevu chake akatazama uani.

Mwalimu aliirudisha karatasi polepole. "Hii, ikifika mezani kwao, inasema mtu alikuwa anaumwa. Siku ile wewe kijana uliandika uongo wa heshima. Sasa tufanyeje?"

Mtendaji alikuwa na jibu tayari. Alikuwa mtu mwema, naye mtoto wake alikuwa sekondari. "Mimi naandika barua yenye mhuri wa kijiji. Naandika kwamba mama yake mzazi amefariki tarehe ile. Nani atakuja kuhesabu makaburi Lufingo?"

"Mama yetu alikufa miaka kumi iliyopita," nilisema.

"Bibi ni mama pia. Kwetu si ni mama?"

"Alipoingia chuoni alijaza fomu kwamba wazazi wote ni marehemu. Fomu iko kwao. Watauliza huyu mama anakufa mara ngapi."

"Basi andika mlezi."

"Mlezi kwenye fomu ni mimi," nilisema. "Bibi hakujua kuweka sahihi. Niliweka mimi."

Mama jirani alipiga kofi. "Yaani ili mtoto apone inabidi ufe wewe!"

Hapo tulicheka wote, hata mdogo wangu, akicheka huku machozi yanamtoka. Lakini nilikuwa nimekwisha amua. Uongo mmoja, tena wa nia njema, ndio uliotufikisha pale. Sikutaka tupeleke wa pili wenye mhuri. Nilimwambia mtendaji aandike kile kilichotokea: kwamba marehemu alikuwa bibi, kwamba aliwalea watoto hawa tangu wazazi wafe, na kwamba tarehe ya kifo ni ile. Aliandika, ingawa alinung'unika kwamba ukweli huo hauna nguvu. Kisha nilikwenda kanisani, mzee wa kanisa akafungua daftari la mazishi akaninakilia mstari wa bibi kwa mkono wake. Kilikuwepo kijiji chake, siku aliyofariki, siku aliyozikwa.

Jioni mdogo wangu aliweka karatasi zote mezani, akazitazama kwa muda mrefu, akaniita.

"Kaka, angalia mhuri wa posta."

Simu ilikuwa na tarehe. Tarehe ya simu na tarehe ya kifo katika daftari la kanisa ilikuwa moja, karatasi moja ikisema anaumwa na nyingine ikisema amekufa.

Nikaona lazima niende naye mwenyewe. Maelezo ya simu ile hakuna mwingine aliyepaswa kuyatoa. Lakini chai yangu ilikuwa imefika zamu ya kuchumwa. Msimu wa baridi chai huchipua taratibu, na ukiipitisha zamu hugeuka majani magumu, karani hapokei, na inabidi uivunje na kuitupa. Mama jirani aliniambia niende. Alijikusanyia wenzake wawili wa Kawetele, wakaingia shambani kwangu siku mbili. Watu watatu, siku mbili, sita. Kwetu zinahesabika hivyo. Aliyechumiwa naye huenda kuchuma, siku kwa siku, na hakuna anayeandika popote lakini hakuna anayesahau.

Tulifika chuoni siku ya tatu. Sijawahi kuona nyasi nyingi zisizoliwa na ng'ombe kama pale. Ofisi ya kitivo ilikuwa na benchi refu, na juu yake wanafunzi waliokaa kama wagonjwa, kila mmoja na bahasha yake. Kijana mmoja pembeni yetu alimwuliza mdogo wangu, "Sapu ngapi?" Akamjibu, "Hata moja, ni kesi." Kijana akasogea kidogo, kana kwamba kesi inaambukiza.

Aliyetupokea alikuwa mama mmoja mtu mzima, msaidizi wa mkuu wa kitivo. Alisoma barua ya mtendaji, akasoma karatasi ya kanisa, akafika kwenye simu.

"Wewe ni nani wake?"

"Kaka yake, mama. Ndiye mlezi kwenye fomu."

"Mlezi yu hai, basi."

"Mlezi yu hai kwa sababu alijua kuandika jina lake. Aliyetulea sisi wote ni huyo marehemu."

Alinitazama juu ya miwani. "Na simu hii inasema mahututi. Tarehe ya kanisa inasema alikuwa ameshafariki. Ipi ni ya uongo?"

"Simu, mama. Niliandika mimi, bibi akiwa amelala ndani ameshafunikwa. Kwetu mtu aliye peke yake haambiwi msiba, anaitwa kwa ugonjwa. Sikujua kwamba hapa ugonjwa wa bibi si kitu na kifo chake ni kitu. Kosa la maneno ni langu, si lake."

Aliiweka simu mezani. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Na mimi niliitwa hivyo, kwa mama yangu. Nilibeba dawa njia nzima."

Lakini hakutupa matumaini ya bure. Alimgeukia mdogo wangu na kumsema kwa ukali ambao mimi sikuwahi kuutumia. Alimwambia kwamba kanuni inampa mwanafunzi siku saba kutoa taarifa hata baada ya tukio, kwa barua, kwa simu, hata kwa kumtuma mwenzake wa chumba. "Ulikaa nyumbani majuma matano ukichuma chai. Ungeandika mistari miwili tu, leo ningekupa mtihani maalumu bila kukupeleka popote. Kwa nini?"

"Nilimwonea aibu kaka."

"Aibu haimo katika kanuni," alisema yule mama. Lakini alichukua kalamu akaandika pembeni mwa faili, na aliandika kwa muda.

Kikao cha baraza kiliahirishwa, tukangoja. Nililala kwa fundi cherehani mmoja wa Tukuyu aliyekuwa na banda karibu na lango la chuo, mdogo wangu kwa rafiki zake. Nililitumia juma lile kuuliza maswali. Nilijua wastani unavyokokotolewa, kwamba somo zito lina uzito wake na somo dogo lina wake, kwamba herufi moja inaweza kukushusha daraja la shahada. Wale vijana wa benchini waliniita "mzee wa kanuni", na mmoja alinitafsiria barua yake ya rufaa nimwambie kama imekaa vizuri. Mimi, wa kidato cha kwanza muhula mmoja. Niliisikiliza hadi mwisho. Nikamwambia aondoe kurasa mbili za kuomba huruma na abakize tarehe.

Uamuzi ulitoka siku ya nane. Mdogo wangu aliuleta langoni mwa chuo ukiwa mkononi, na kabla hajafika nilijaribu kusoma hatua zake nikashindwa.

"Sikudisko," alisema.

Baraza lilikuwa limekubali kwamba alifiwa na aliyemlea. Lakini kwa kuwa hakutoa taarifa ndani ya siku saba, hakupewa mtihani maalumu. Alipewa sapu. Angerudia mwezi wa tisa, na apate apatacho, angeandikiwa C.

"Lile somo unalolipenda," nilisema.

"Ndilo."

Nilikaa juu ya jiwe. Yeye alikuwa amesimama, na ndiye aliyenifariji. "Kaka, C ni kupita. Mwaka ujao niko darasani." Kisha akaanza kucheka, akaniambia nikimwona mama jirani nimwambie mwaka huu amekuwa wa C.

Alibaki chuoni kusoma, mimi nikarudi. Mwezi wa tisa aliufanya mtihani ule. Mwalimu wa somo alimwambia mlangoni kwamba karatasi yake ilikuwa ya A, kisha akaandika C kama alivyotakiwa. Alipomaliza shahada, wastani wake ulikosa daraja la pili la juu kwa tofauti ndogo sana, na nilipozipiga hesabu mwenyewe, kwa kalamu, niliona tofauti hiyo ilikuwa somo lile. Nilimwonyesha. Alisema alizipiga zamani, siku ileile matokeo yalipotoka, na akanikataza kuzipiga tena.

Sasa anafundisha sekondari. Kila mtoto wa huku anayechaguliwa kwenda chuo hupitishwa kwake kwanza, anamfundisha kitu kimoja kabla ya kingine chochote: ukiondoka, acha karatasi, hata mistari miwili. Na mimi nimewaambia watu wa kwetu kwamba mtoto akiwa kwenye mitihani aandikiwe ukweli, ila aandikiwe kupitia kwa mwenzake, ili awe na mtu wa kumshika hukohuko. Baadhi wamekubali. Wengine bado wanaandika mahututi.

Zile siku sita za chai nilianza kuzilipa nilipofika tu. Wale wa Kawetele niliwachumia zao nne kabla mvua hazijaisha. Kwa mama jirani zilibaki mbili. Mara ya kwanza nilipokwenda alikuwa ametoka kukata chai yake iote upya, hakuna cha kuchuma. Mara ya pili nilikuwa na homa. Baadaye akasema ningoje, anaziweka akiba. Mdogo wangu alipopata mshahara wake wa kwanza alimpelekea kitenge na pesa ndani yake, amalize deni la kaka.

Mama jirani alichukua kitenge, akarudisha pesa. "Ndaga fijo, mwanangu," alimshukuru kwa lugha yetu. "Kitenge nimeshukuru. Lakini mimi sikukuchumia wewe. Mwambie kaka yako mgongo wake bado naudai."

Juzi nilipita kwake nikamwuliza lini. Alilitazama shamba, akanitazama na mimi, nilivyozeeka.

"Bado," alisema. "Siku mbili zako zipo."